Maswali ya Wasomaji: Nyama ya Mawindo Iliyoharibikia Mfupani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huwinda kwa kibali, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka pale gari linapoishia. Safari iliyopita tulimpata mnyama mkubwa jioni, tukamtoa matumbo, lakini tukamwacha na ngozi yake hadi asubuhi ili nyama isiingie vumbi. Tulipofika nyumbani, nyama ya juu ilikuwa nzuri, ila mapaja yote mawili yalinuka uchachu karibu na mfupa, tukayatupa. Tulikosea wapi, ilhali usiku ule ulikuwa wa baridi? Na je, kuyapika sana kungeyaokoa?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo, kwani kumtoa mnyama uhai kisha mapaja yake yakatupwa ni jambo linaloumiza. Nyama hiyo haikuharibikia njiani. Iliharibika usiku ule ule wa kwanza. Mnyama anapoanguka, mwili wake huwa na joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi au zaidi, na ngozi yenye manyoya hulifungia joto hilo ndani kama blanketi. Hata hewa ya nje ikiwa baridi, sehemu ya ndani ya paja, pale mfupa unapoungana na nyonga, huweza kubaki na joto kwa saa nyingi, nayo bakteria huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60.

Safari ijayo mchuneni usiku huo huo, hata kwa mwanga wa tochi, kwa sababu vumbi huweza kukwanguliwa lakini uozo hauondoki. Tenganisheni viungo, kisha pasueni paja kwa urefu hadi mfupani, au mtoe mfupa wenyewe ikiwa masharti ya kibali yanaruhusu. Ingiza vidole katika mkato huo: ukihisi vuguvugu, nyama bado haijapoa.

Itundikeni kivulini penye upepo, vipande visigusane, na mkumbuke kwamba kivuli cha asubuhi huwa kimehama ifikapo adhuhuri. Uso wa nyama ukikauka hufanya utando mwembamba ambao kidole hakinati ukiugusa, na nzi, ambao hutafuta unyevu wa kutagia mayai, hawaupendi. Ifunikeni kwa mifuko ya kitambaa cha pamba, kamwe si ya plastiki, ambayo hufungia joto na unyevu. Plastiki isiyopenya maji ina kazi moja tu, nayo ni kuitumbukiza nyama kwa muda katika kijito baridi siku ya joto kali; baadaye itoeni na kuitundika tena.

Kuhusu kupika, mlifanya vyema kuyatupa mapaja hayo, kwa kuwa baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria haziharibiwi na moto wa jikoni, hata nyama ichemke kutwa nzima.