Ni ncha ipi inayohama?

Swali la wiki lilikuwa: "Je, kuhama kwa ncha za dunia ndiko kunakovuruga majira yetu?" Nafundisha jiografia, na wanafunzi huniuliza hivyo kila vuli inapochelewa. Mimi huwauliza kwanza: ncha ipi?

Inayovuma sana ni ncha ya sumaku, ile inayovuta sindano ya dira. James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 kaskazini mwa Kanada. Tangu hapo imehama, na kuna miaka imekimbilia Siberia kwa kasi ya kilomita 50 na zaidi kwa mwaka. Hilo ni la mabaharia na marubani; mvua haimo. Miaka 780,000 hivi iliyopita ncha hizo zilibadilishana kabisa, kaskazini ikawa kusini, na mashapo ya baharini hayaonyeshi kwamba tabianchi ilipinduka kwa ajili hiyo.

Mwenye neno ni mhimili, ule mstari wa kuwazia ambao dunia huuzunguka; miisho yake miwili ndiyo ncha za mzunguko. Dunia huzunguka kama pia ya watoto, imeinama nyuzi 23.4, nayo huyumba polepole mno: myumbo mmoja huchukua miaka 26,000 hivi. Miaka kama 10,000 iliyopita, majira ya joto ya kaskazini yaliangukia wakati dunia iko karibu zaidi na jua. Pepo za msimu zikapata nguvu, Sahara ikaota nyasi, na Ziwa Turkana likapanda makumi ya mita juu ya usawa wa leo. Mashapo ya ziwa hilo, yenye makombe na mifupa ya samaki, bado yapo nchi kavu, mbali na maji. Myumbo ukaendelea, mvua zikarudi kusini, ukame ukashika. Lakini hayo yalichukua maelfu ya miaka! Mabadiliko niliyoyaona mimi tangu utotoni hayawezi kuwa ya mhimili. Hayo ni ya hewa ukaa tunayoimwaga angani.

Na linaloniuma ni kwamba mambo yamegeuka: sasa sisi ndio tunaousukuma mhimili. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, na maji ya visima yakivutwa kumwagilia mashamba, uzito wa dunia huhama. Watafiti wamekadiria kwamba kati ya 1993 na 2010 tulivuta tani zaidi ya trilioni 2 za maji ya ardhini, na ncha ya mzunguko ikasogea karibu sentimita 80 kuelekea mashariki. Sentimita 80 haziwezi kuichelewesha vuli hata kwa siku moja. Zinatuonyesha tu ni maji kiasi gani tumekwisha kuyahamisha.