Barua kwa Mwanangu: Marafiki wa Mtandaoni na Safari ya Oman

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo, na mama yako anakusalimia sana. Barua yako nimeipata, nawe umeniuliza jambo lisilofaa kujibiwa kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Umesema kwamba marafiki uliowapata kwenye intaneti, yule msichana wa Salalah kusini mwa Oman, yule kijana wa Kerala huko India na wengine mnaojadiliana nao habari za upigaji picha, wamekwisha kukufunza kwamba dunia ina watu wa kila namna. Na kwa kuwa msichana huyo amekualika kwenye harusi ya dada yake, unataka kujua kama kuna haja ya kutumia akiba yako kwenda kuwaona watu unaozungumza nao kila usiku.

Nenda, mwanangu, wala sisemi hivyo kwa kuudharau urafiki wenu. Nasema hivyo kwa sababu ninyi mmechaguana. Mlikutana kwa kuwa nyote mnapenda picha, nyote mnajua Kiingereza cha kutosha, na nyote mna simu nzuri na fedha za bando, kwa hiyo hata kabla hamjaamkiana sehemu kubwa ya tofauti baina yenu ilikuwa imekwisha kuchujwa. Msafiri hana nafasi hiyo. Nilipokuwa nikifanya kazi dukani kule Matrah, mji wa bandari ulio sehemu ya Maskati, sikuchagua ni nani apange chumba cha pili, wala ni nani asimame nami bega kwa bega msikitini.

Hapa kwetu tumezoea kuwatazama Waomani kama watu wa asili moja. Matrah peke yake inatosha kuliondoa wazo hilo. Katika safu moja ya sala utamwona Muibadhi, mtu wa madhehebu ya Waomani wengi, ameiachia mikono yake ubavuni na Msunni ameikunja kifuani, na baada ya salamu wote wawili wanatoka kwenda kunywa kahawa bila neno. Karibu na bandari kuna mtaa wa Walawatia, uliozungukwa na ukuta, ambao wenyewe ni Mashia na asili yao inahusishwa na Sindh, ambayo leo imo Pakistan. Wapo Mabulushi wenye asili ya pwani ya Makran, ambako mji wa Gwadar ulikuwa chini ya Oman hadi ulipouzwa kwa Pakistan mwaka 1958. Wapo Waomani waliolelewa kwa Kiswahili, waliorudi kutoka kwetu baada ya mwaka 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Huyo rafiki yako wa Salalah huenda nyumbani kwao wanazungumza Kijibali, lugha ambayo Mwarabu wa Maskati haielewi. Je, amewahi kukwambia? Pengine hakuona sababu, maana hukuuliza, na mtu haulizi asichojua kuwa kipo.

Lakini safari nayo ina upungufu wake, na hapo ndipo simu ilipokuja kunifaa. Dukani nilifanya kazi na Mkristo wa Kerala, mtu wa kanisa ambalo mizizi yake ilitangulia kwa karne nyingi kufika kwa Wareno. Tulikula pamoja na tukasaidiana, ila zama zile mfanyakazi mgeni hakuweza kuhamia kazi nyingine bila ruhusa ya kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, na watu walio katika hali hiyo hupima maneno. Miaka mingi baadaye, sote tukiwa tumekwisha kurudi makwetu, tulipatana tena kwenye WhatsApp, naye akaniambia kwa ujumbe wa sauti kwamba alikuwa akituonea wivu sisi wa Unguja, kwa sababu mwenye duka alizungumza nasi Kiswahili alicholelewa nacho na kutucheka kama watoto wa nyumbani. Mimi nilijihesabu mgeni kama yeye. Machoni pake nilikuwa nusu mwenyeji. Jambo hilo asingeweza kunitamkia ana kwa ana pale dukani, nami nisingelijua lau tusingewahi kuishi pamoja.

Kwa hiyo kijana wako wa Kerala usimwache, muulize zaidi kuhusu jirani zake kuliko kuhusu kamera yake. Kwao Wahindu, Waislamu na Wakristo wanaishi kwa wingi katika jimbo moja, naye ni mmoja tu kati yao.

Ukienda, jitahidi harusi iangukie msimu wa mvua za khareef, kati ya Juni na Septemba, uone milima ya Dhofar, mkoa ulimo Salalah, ilivyo kijani. Kisha usirudi kwa ndege moja kwa moja: panda basi hadi Maskati, takriban kilomita 1,000, ukae na abiria ambao hukuwachagua. Kamera iache mkobani mpaka watu wakuruhusu, hasa wanawake na hasa harusini. Niandikie tarehe mapema, ili nimwarifu rafiki yangu mmoja wa Matrah akupokee kituoni.

Wasalaam,
Baba yako