Ukialikwa harusi ya Kiyahudi, usiende kwa saa za kwetu

Bibi ninayemtunza huku Brooklyn aliniambia mjukuu wake anaolewa Jumanne, niende. Jumanne? Akanifafanulia: katika Torati, siku ya tatu ya uumbaji, wakihesabu kuanzia Jumapili, ndiyo Mungu aliyoona kazi yake kuwa njema mara mbili, basi wengi huipenda. Jumamosi haiwezekani, ni Sabato.

Kadi iliandikwa saa kumi na moja, nikafika kumi na mbili kasoro. Nikakosa bwana harusi akimtazama mwenziwe usoni kabla ya kumfunika shela. Ndiyo tahadhari ya Nabii Yaakub, aliyemtaka Raheli akapewa Lea. Wewe wahi.

Wanaozeshwa chini ya hupa, kitambaa kilichotandazwa juu ya nguzo nne, pande zote wazi kama hema la Nabii Ibrahimu lililokaribisha wageni. Bibi harusi alimzunguka mumewe mara saba. Pete haina kito, na huvishwa kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Kisha ikasomwa ketuba, kwa Kiaramu, nami nikatega sikio. Ni hati yenye mashahidi wawili: mume anajifunga kumlisha mke na kumvika, na inataja fedha atakazopata akiachwa au akifiwa. Mtoto wa Tanga nikakumbuka mahari inayoandikwa kuwa deni. Hati huwekwa na mke, si baba yake.

Bwana harusi akakanyaga bilauri, ukumbi ukalipuka “Mazal tov!”, nami nikapiga kigelegele. Bibi alicheka sana. Baadaye akaninong'oneza kwamba ile bilauri ni kilio cha Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70.

Mara maharusi wakatoweka. Nilidhani kuna ugomvi! Kumbe hujifungia kidogo wawili peke yao, na hawa walikuwa wamefunga tangu asubuhi, wakapate tonge.

Kwa familia zilizoshika dini kama hii, dada jistiri mikono na magoti, na usimpe mkono bwana harusi. Wanaume huvaa kofia ndogo, wakati mwingine zipo mlangoni. Kucheza ni mbalimbali, wanawake kwao.

Bahasha nayo ina hesabu yake: herufi zao ni namba pia, na za neno lao la “hai” zikijumlishwa ni 18, kwa hiyo wengi hutoa kwa mafungu ya 18. Mimi nilitia dola 50. Jirani yangu mezani alitia 54.