Pikipiki Ikizima Njiani, Mikono Itulie Kwanza

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Pikipiki yake ya zamani inazima yenyewe njiani, inapumzika dakika chache, kisha inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Ameshabadilisha betri, plagi na koili, ile inayopandisha umeme wa cheche kwenda kwenye plagi. Sasa fundi anamwambia anunue CDI, kile kisanduku cha elektroniki kinachoipa koili umeme wa cheche. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana orodha hiyo naijua kwa mpangilio uleule.

Ya kwangu ni ya kabureta, silinda moja, umri umekwenda. Ilikuwa inakata moto ghafla, bila kukohoa na bila kupungua nguvu kwanza. Naikokota hadi kando, nasubiri, napiga stata, inawaka. Fundi niliyempelekea akasema koili ikipata joto inakata, ikipoa inarudi. Si maelezo ya kijinga. Koili iliyozeeka hufanya hivyo kweli: nyaya zake nyembamba zikipata joto huachana au hupigana shoti ndani kwa ndani, na ikipoa hurudi kama nzima. Nikanunua koili. Tatizo likarudi. Nikanunua CDI. Likarudi tena. Nilipomwambia nashuku waya, akatia mita yake kwenye swichi ya ufunguo, ikasoma volti 12, akaniuliza mbele ya wateja wengine kama siku hizi nimefungua gereji. Kicheko kile bado nakisikia, sitawaficha.

Kilichoniokoa ni taa ya kijani ya gia huru. Siku moja injini ilizima wakati naingia kusimama, gia imeshatolewa, nikaona ile taa haipo. Nikaikokota kando, taa ikarudi. Hapo nikajiuliza: koili ikifa kwa joto, taa ya gia huru inahusikaje? Haihusiki. Taa ile na CDI ya pikipiki yangu zinakula umeme uleule unaopita kwenye ufunguo. Vikizima pamoja, kilichokatika kiko kabla ya vyote viwili: betri na vifungo vyake, waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu, fyuzi kuu, swichi ya ufunguo, au soketi mojawapo ya kuungia nyaya katikati.

Basi nikafunga balbu ndogo tatu kwenye usukani, zile za waya ndani, kila moja na kifyuzi chake kidogo, na upande wa hasi wa zote nikaupeleka moja kwa moja kwenye betri. Ya kwanza ilichukua umeme baada ya fyuzi kuu, ya pili baada ya swichi ya ufunguo, ya tatu baada ya kitufe chekundu cha kuzimia injini. Nilionekana kama gari la harusi. Waliocheka walicheka.

Ilipozima safari hii nilishika klachi, nikaiacha iserereke moja kwa moja hadi pembeni, na sikugusa kitu. Sikuzungusha ufunguo, sikugeuza usukani. Balbu ya kwanza inawaka vizuri. Ya pili na ya tatu giza. Nikakaa pale muda mrefu kuliko ule ambao siku zote niliuita “muda wa kupoa”, na giza likabaki giza. Kisha nikageuza usukani kidogo kushoto. Balbu zote zikawaka.

Kumbe haikuwa inapona kwa kupoa hata siku moja! Ilikuwa inapona kwa sababu nikiikokota kando nageuza usukani, usukani unavuta nyaya za swichi, na soketi iliyo nyuma ya taa ya mbele inajikaza. Nilipoifungua, pini moja ilikuwa imelegea na plastiki yake imebadilika rangi kuwa kahawia. Pini ikilegea huongeza ukinzani, ukinzani huleta joto, joto huua ule mkazo wa pini uliobaki, nayo hulegea zaidi. Hesabu ni nyepesi: omu 0.5 tu kwenye soketi, ampia 5 zikipita, unapoteza volti 2.5, na wati 12.5 za joto zinakaa kwenye pini ndogo kuliko punje ya mchele. Nilikata pini ile, nikabana mpya kwa koleo lake. Sikusokota waya na kuzungushia utepe, na ninyi msifanye hivyo.

Na ile mita ya fundi? Haikusema uongo. Mita hula mkondo mdogo mno, kwa hiyo hata uzi mmoja wa waya uliobaki unatosha kuipa volti 12. Lakini pitisha mkondo wa kazi kwenye uzi huo, volti zinazama. Ndiyo maana mimi hupima kwa balbu kwanza, au naweka ncha za mita upande huu na upande ule wa soketi moja huku taa zikiwa zimewashwa. Soketi nzima ikipimwa hivyo husoma karibu na sifuri. Waya wa hasi, kutoka fremu hadi kichwa cha betri, ukizidi volti 0.2 hivi, fungua, kwangua kutu, kaza.

Sasa niseme na ninyi wapenda kununua vipuri. Mnanunua kwa sababu kununua kunafanana na kutengeneza. Tatizo la kuja na kuondoka hutoa ushahidi wakati ule tu ambapo limekuja, na jambo la kwanza tunalofanya ni kuufuta: tunazima ufunguo, tunawasha, tunatingisha, tunapiga stata. Injini ikiwaka tunashukuru, na hatujajua kitu. Ikizima, toka barabarani kwanza, halafu mikono itulie. Tazama taa za dashibodi. Bonyeza honi. Honi ikilia kwa nguvu na taa zipo, umeme mkuu unafika, kwa hiyo shuku kitufe chekundu, swichi ya stendi ya pembeni, swichi ya klachi, koili, au ile koili ndogo ya kando ya magineti (sumaku inayozungushwa na injini na kuzalisha umeme), inayoiambia CDI lini itoe cheche. Hii nayo hufa kwa joto, kwa hiyo pima omu zake ikiwa baridi, halafu ikiwa imepata joto, usiishie baridi tu.

Kama injini ilififia na kukohoa kabla ya kuzima, acha nyaya, nenda kwenye mafuta. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia, tundu la kupumulia limeziba na kabureta ilikuwa inanyimwa mafuta. Hapo ni kusafisha tundu tu.

Jambo moja wengi hawaambiwi. CDI za pikipiki za zamani ni za namna mbili. Kuna zinazokula umeme wa betri, kama yangu, na kuna zinazokula moja kwa moja kutoka koili yake kwenye magineti. Hizi za pili zinaweza kuwaka hata betri ikiwa imekufa kabisa, kwa hiyo kubadilisha betri ili isizime njiani ni kutupa fedha. Tena kwao waya wa kuzimia hufanya kazi kinyume: injini huzima waya huo unapogusa fremu. Ganda lake likichubuka chini ya tangi, kila mtikisiko unaweza kukuzimia pikipiki, nawe unalaumu koili. Njia ya kujua ni kuuchomoa waya ule na kuendesha mahali pasipo na watu. Ikiacha kuzima, umepata. Ila kumbuka ufunguo hautaizima tena. Utaizima kwa kuingiza gia ya juu, kushika breki na kuachia klachi taratibu.

Betri ipimwe pia, sikatai. Ikiwa imetulia na imejaa husoma kama volti 12.6, na injini ikizunguka kasi ya kati iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikipita 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, haizuii tena na itaanza kukuunguzia balbu na betri.

Fundi yule nilipita kwake na soketi iliyoungua mfukoni. Akaiangalia, akasema, “Hata hivyo koili ilikuwa imechoka.” Sawa, bwana.

Ndugu uliyeniandikia, CDI usinunue bado. Fuata waya unaotoka kwenye CDI yako uone kama inalishwa na betri au na magineti. Safari ijayo ikizima, nitumie majibu ya haya tu: ilikata ghafla au ilikohoa, taa ya gia huru ilikuwepo au haikuwepo, na honi ililiaje kabla hujagusa usukani.