Bawa la Lancaster limepinda na kupasuka: kosa ni la mbao au la rangi?

Swali: Mimi ni seremala hapa Kariobangi. Mteja aliniagiza modeli ya ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, Avro Lancaster, skeli ya 1/48, ya kuweka ofisini kwake yenye kiyoyozi. Mabawa nilichonga kutoka ubao mmoja wa jakaranda, nikayagundisha kwenye mwili, nikapaka rangi. Miezi michache baadaye kingo za bawa, mbele na nyuma, zimeinama chini, na kuna ufa unaoanzia pale bawa linapokutana na mwili. Naambatanisha picha. Nirekebishe vipi?

Jibu: Fundi, jakaranda haina ubaya. Inakubali patasi vizuri na Nairobi haikosekani. Tatizo ni kwamba mara nyingi huuzwa ikiwa mbichi, na bawa lako limeendelea kukauka likiwa tayari mezani kwa mteja.

Mbao ikipoteza maji husinyaa, ila si sawa pande zote. Kufuata urefu wa nyuzi karibu haibadiliki. Kwa upana hubadilika sana. Kwa skeli yako, bawa la Lancaster lina upana wa karibu sentimita 10 pale mwilini, na upana huo ukikauka unaweza kupungua milimita kadhaa. Sasa tazama mwili wenyewe: nyuzi zake zinatoka puani kwenda mkiani, kwa hiyo mahali hapo mwili haupungui. Bawa linataka kusinyaa, gundi inalizuia, mbao inapasuka. Ndiyo maana ufa umeanzia hapo na si kwenye ncha.

Rangi nayo imechangia. Lancaster za usiku zilipakwa kijani na kahawia juu, nyeusi chini. Nina hakika juu ulipiga praima, rangi mbili, nembo, kisha vanishi, na chini ukapitisha koti moja jeusi. Upande wa juu umefungwa, wa chini unapumua. Kiyoyozi kimekausha chini kwanza, chini kukasinyaa na kuvuta kingo. Idadi ya makoti lazima iwe sawa pande zote mbili, hata pale ambapo hakuna jicho litakalofika.

Kuokoa hii uliyonayo, toa rangi yote ya bawa, juu na chini, kwa msasa. Ikalishe juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite pande zote, kivulini, kwa wiki kadhaa. Ipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito usipobadilika tena, ndipo uzibe ufa kwa ukanda mwembamba wa jakaranda hiyohiyo wenye nyuzi zinazofuata bawa. Usizibe kwa gundi na unga wa msumeno, utafunguka. Kingo zikikataa kurudi, kata bawa nje ya injini za ndani, zile zilizo karibu na mwili, uchonge upya kipande cha nje.

Na kwa kweli hapo ndipo ningelikata tangu mwanzo. Bawa la Lancaster halikunyooka. Sehemu ya kati ni bapa, kisha nje ya injini za ndani linapanda kwa digrii 7. Ukichonga umbo hilo kutoka ubao mmoja unakata nyuzi, na hapo ni dhaifu. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa ya mita 31.09, ambayo kwako ni karibu sentimita 65, na iliundwa kwa vipande: sehemu ya kati ilipita katikati ya mwili, hata wanajeshi waliokuwa ndani walilazimika kupanda juu ya spari, yaani boriti kuu ya bawa, kwenda mbele au nyuma. Fuata hivyo. Tengeneza sehemu ya kati kwa mbao nyembamba tatu zilizokauka, zilizogundishwa pamoja, ipitishe kwenye tundu la mwili, na weka gundi katikati tu. Mbele na nyuma acha nafasi ndogo sana, ili bawa lipate pa kuchezea.

Kwenye picha yako nimeona jambo jingine. Propela za kushoto umezichonga kinyume na za kulia. Najua zinapendeza hivyo, lakini injini zote 4 za Merlin zilizungusha propela upande mmoja, kufuata saa ukitazama kutoka nyuma. Ndege hii ilibeba watu 7, na zaidi ya 55,000 wa Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, walikufa vitani, huku miji mizima ikiteketea chini yao. Anayeijua historia hiyo ataitazama modeli yako kwa makini, na anastahili kuikuta ni sahihi. Chonga mbili za kushoto upya, kila moja iwe na panga tatu, kipenyo zaidi kidogo ya sentimita 8.