Udaktari wa njia ya mkato: tuangalie nini?

SWALI: Binti yangu anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Marekani. Anataka programu inayounganisha shahada ya kwanza na udaktari. Tuanzie wapi?

JIBU: Mama, anzeni na miaka. Njia ya kawaida ni minane: minne ya shahada ya kwanza, minne ya udaktari. Programu ya UMKC, yaani Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, ni ya miaka sita. Ya Chuo Kikuu cha Brown inabaki minane, ila haidai MCAT, mtihani wa kuombea nafasi ya udaktari. Programu kuunganishwa, basi, si lazima ifupishwe.

Kisha someni masharti ya kubaki, maana hapo ndipo wengi huteleza. Nafasi ya udaktari hutolewa kwa sharti la kudumisha wastani wa alama, na kwingine MCAT pia. Tuseme kiwango ni 3.5 kati ya 4, ambapo A ni 4 na C ni 2. Muhula wa kwanza ana krediti 16, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Apate A kwenye 12 na C kwenye kemia ya krediti 4, tayari yuko 3.5 kamili, hana akiba. Ulizeni kwa maandishi: sayansi huhesabiwa peke yake? Akishuka, anapewa muhula wa kujirekebisha? Akiomba chuo kingine cha udaktari, anapoteza nafasi yake?

Kama si raia wala mkazi wa kudumu, ulizeni hilo kabla ya yote. Programu nyingi hazimpokei.

Na akianza, tunamsihi asirundike kemia, biolojia na fizikia, zote na maabara zake, muhula mmoja, labda ratiba yenyewe imlazimishe.