Ukurasa wa hesabu

Mwanangu Zawadi,

Umeniuliza kama dawa ya ADHD, ile shida ya kutotulia na kukosa umakini, aliyoandikiwa mwanao Baraka itamkinga na sigara, asije akawa kama mjomba wake. Daktari amekwambia vijana wenye shida hii huanza kuvuta mapema, na kuacha huwawia vigumu. Silipingi. Tuliliona nyumbani kabla hatujalijua jina lake.

Unamkumbuka kaka yako akiwa kidato cha pili, pale Jericho, Nairobi: mguu hautulii chini ya meza, kiti kinalia, babako anafoka. Jioni moja nilimkuta nyuma ya tangi la maji, daftari gotini, sigara mkononi. "Mama, tazama, nimemaliza." Mimi niliona sigara tu. Nililichana lile daftari mbele yake. Usiku niliokota vipande nikavipanga mezani. Hesabu 9, hakuna hata moja iliyoachwa katikati. Yeye, ambaye hakuwa akifika ya 3!

Mtoto hatulizwi kwa kiboko, nimelisema na nitalisema tena. Nikotini ya sigara huamsha dopamini ubongoni, kemikali inayosaidia umakini, ileile inayoongezwa na methilfenideti, dawa ya ADHD. Kaka yako alijitafutia dawa kibandani, sigara mojamoja. Sheria ya Kenya ya 2007 ilikataza kuziuza hivyo, na bado zinauzwa.

Je, dawa ya hospitali ingemtosha? Natamani kuamini hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 14, wakaona wanaotibiwa huvuta kidogo kuliko wasiotibiwa, hasa wasiokatiza dawa. Lakini nyingi hazikuwagawa watoto kwa kura, nani apewe dawa na nani asipewe. Huenda mzazi anayesimamia kidonge kila asubuhi ndiye huyohuyo anayejua mtoto yuko wapi jioni. Tena utafiti wa MTA, ule mkubwa wa Marekani wa matibabu ya ADHD, uliowafuatilia watoto 579 hadi ujanani, haukuiona kinga hiyo.

Ungeniuliza kama dawa itamsaidia Baraka kukaa na daftari lake, ningekujibu haraka zaidi. Kuhusu sigara, ulimi unaniwasha, lakini mtoto ni wako na daktari unaye, nanyamaza.

Vile vipande ninavyo bado, ndani ya bahasha ya vyeti vyenu. Jumapili kaka yako alikuja, akatoka nje kuvuta, akarudi akiuliza Baraka amefika wapi kwenye hesabu. Nilisimama kwenda kuichukua ile bahasha. Nikaishia kumwekea chai.

Mama yako